Mukono ya Mujerumani

Mimi sikusoma sana. Masomo iliishia mu troisième primaire, mwaka ya tatu tu, juu ng'ombe za baba hazikukuwa na muchungaji mwingine. Basi kama naandika mubaya, musome tu vile vile, mambo yenyewe niliiona na macho.

Tulikuwa na Mujerumani mumoja hapa Bukavu. Alikuja zamani, angali kijana, kutengeneza mashini ya kiwanda ya chai. Kiwanda ikakufa, yeye akabakia. Akaoa mwanamuke Mushi, akajenga mu mutaa ya Cimpunda, pale nyumba zinapandana mugongo, jirani akipika samaki unajua kama alitia chumvi ao hapana. Mashi yake, luga ya Bashi ba hapa, ilishinda ya batoto yangu, hawa batoto ya ville, ya muji. Kwao alikuwa officier wa jeshi, lakini hatukujua ile mpaka vita hii ilipofika, batu ya inchi moja kupigana benyewe kwa benyewe. Vijana ya quartier bakajitolea kulinda batu, na sisi bazee bamoja pia. Mukubwa hatukukuwa naye. Yeye akasema:

"Mimi nitabaongoza. Kwangu njo hapa, niende wapi tena?"

Tukamuita Papa Commandant.

Alitufundisha bitu mingi. Kuchimba shimo ya kujificha mbele ya kula. Kukausha miguu: kila magaribi alikuwa anatuangalia katikati ya vidole sawa vile maman anaangalia mutoto. Na asubui anapita kwa kila mutu, anamupatia mukono, anamuangalia mu macho: "Jambo, papa. Ulilala?" Sijaona mukubwa mwingine wa kufanya vile. Tulizoea, tukapenda.

Sasa, sisi ba volontaires, benye kujitolea, mbele ya kuingia mu mapigano, muzee wa dawa, tunamuita docteur, anatunyunyizia maji ya kuzuia risasi. Maji ile iko na masharti. Usiibe. Usiguse mwanamuke. Usikule sombe, majani ya muhogo. Na usipane mukono na mutu ambaye hakunyunyiziwa, hata akuwe mama yako. Ukimugusa, maji inakufa na risasi inakuona. Padri wetu hapendi kusikia hii habari, na mimi niko mukatoliki wa misa kila siku ya yenga, siku ya Mungu. Lakini padri hakukuwa pale Mumosho.

Mumosho njo tulipigana mara ya kwanza, Mujerumani akituongoza. Tulikuwa juu ya kilima. Kule chini, upande ya mto Ruzizi, bakimbizi balikuwa banapanda, na bibi yangu, mama ya batoto yangu, ndani yao. Alikuwa ameenda mu kilio, matanga ya dada yake, vita ikamukuta kule. Adui alikuwa anakuja na njia ya pembeni. Ilitupasa tushuke mbio, tukamate croisement, ile njia panda, mbele yake, ili batu bapite. Docteur akatunyunyizia, tukasimama mustari. Mujerumani alikuwa ameenda kuangalia njia. Akarudi, akaanza upande ya kuume: "Jambo, papa. Ulilala?" Mikono yetu ikaenda yenyewe. Alifika hata kwa wa mwisho.

Docteur alikuwa anafunga kibuyu chake. Akageuka, akapiga kelele: "Ameua maji!"

Tukaketi chini bote.

"Musimame!" Mujerumani anasema. "Batu banakufa kule!"

"Na sisi tutakufa, Papa Commandant," mwenzetu mumoja akamujibu. "Umetuua na salamu."

Mimi nikasema: "Bibi yangu iko kule chini."

"Utaoa mwingine," ule mwenzetu akasema.

"Nitaoa dada yako, mujinga!"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi niliyetukana, sikusimama. Nilikuwa naona vumbi ya bakimbizi.

Mujerumani akaenda kwa docteur, akapiga magoti, vile Bashi banafanya mbele ya mukubwa. "Muzee, inatengenezwa namna gani?"

"Maji ingine iko. Lakini wewe uliyeiharibu, uipokee wa kwanza, bila nguo. Kisha utatangulia bila bunduki. Ukifika muzima, nao batafika."

Nilifikiri atabishana. Aliangalia barabara, akaanza kufungua vifungo. Alikunja suruali, akakunja shati, akazipanga juu ya jiwe kona kwa kona, na adui anakuja! Tumbo yake nyeupe sawa bugali ya muhogo. Akajifunga majani ya mugomba kiunoni, docteur akamumwangia maji, kisha sisi. Akashuka, mikono mitupu, bila kuangalia nyuma. Tukamufuata.

Tulimutangulia adui kufika ku croisement, lakini kidogo tu. Mapigano sitaielezea, kila mutu wa hapa anaijua. Mwenzetu mumoja alikufa, na docteur akasema alikula sombe. Mujerumani alilala mu mutaro pamoja na sisi, anatuonyesha mahali ya kupiga.

Bakimbizi bakapita nyuma yetu. Bibi yangu alikuja na matelas, godoro yake, ku kichwa. Akasimama katikati ya risasi, huyu mwanamuke, anaangalia ule muzungu wa majani.

"Balimuibia nguo?"

"Maman, pita!" nikamupigia kelele.

Akapita. Bote bakapita, mpaka muzee mumoja wa fimbo ambaye hakutaka kusukumwa. Kisha Mujerumani akasema turudi juu. Tukapanda, yeye muzima vile docteur alisema, akachukua nguo yake juu ya jiwe bila kumupatia mutu mukono.