Nyuma ya Ua wa Michongoma

Miaka kumi na tisa nafyeka nyasi kwenye makaburi ya vita. Safu za maofisa, kule mbele, nazijua kama kiganja changu. Ukikanyaga kaburi, nakukaripia.

Jana mpima ardhi alikuja na ramani ya zamani. Akavuka ua wa michongoma, akasimama. "Hapa wamelala wapagazi mia mbili. Hawakuwekewa mawe."

Pale ndipo ninapotupa nyasi na, Mungu anisamehe, ndipo ninapokojoa.

Leo shangazi kaja na maua. "Mwanangu, babu yako alikufa akiwabebea mizigo hao wanajeshi. Wewe ndiye mwenyeji hapa. Amelala wapi?"

Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye safu ya maofisa.