Fundi Sikio na sauti iliyofungwa kufuli

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja ameinamia meza na kulaza sikio lake juu ya diski ya kompyuta, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Mteja wake, mzee wa miwani, amesimama mlangoni na kofia mkononi. 

"Bado ipo hai," anasema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Lakini inakwaruza. Usiiwashe tena nyumbani, baba. Niachie."

Mtaani wanamwita Sikio. Chumba chake cha kazi kiko mwisho wa korido ndefu ambayo taa yake huwaka ikipenda. Hakina dirisha. Kompyuta zilizovuliwa vifuniko zimepangwa hadi darini, nyaya zikining'inia kama matumbo. Upande mmoja ni ukuta wa mbao, na nyuma yake yupo fundi cherehani. Ukitulia unasikia mashine yake ikienda na kusimama.

Kazi ya Sikio ni kufufua kompyuta ambazo wenyewe wamezikatia tamaa. Silaha yake ni mfumo huria.

"Ni programu zilizotengenezwa na watu wengi, wakaziacha wazi," anaeleza. "Yeyote anaweza kuzichungulia ndani, kuzirekebisha, kumgawia jirani. Hazidai leseni. Kompyuta ambayo mafundi wengine wamesema ikauzwe chuma chakavu, ukiiwekea mfumo huo inaamka."

Hakusomea darasani. Alikuwa mfagiaji wa ofisi, na ofisi ilipotupa kompyuta zake za zamani, yeye aliomba moja akaibeba kichwani hadi nyumbani. "Mume wangu alisema, nyumba haina sufuria ya pili, wewe unaleta sanduku la chuma. Nikamwambia, subiri. Akasubiri sana, maskini."

Siku hizi sanduku hilo ndilo linalowalisha, ingawa si kila siku. Kuna wiki anafunga mlango bila hata nauli mkononi, anarudi nyumbani kwa miguu. Haoni aibu kulisema. Anachosita kukisimulia ni kisa cha mwaka jana, na tulipokitaja aliinuka kwanza akafunga mlango.

Ilikuwa msimu wa mvua. Alikuja mama mmoja wa makamo, kitambaa kimezungushwa shingoni, akiongozana na binti yake ambaye ni muuguzi. Binti alishika mfuko wa plastiki wenye diski ndani. Mama alisema neno, lakini sauti haikutoka. Ulitoka mnong'ono mkavu, kama karatasi inayosuguliwa.

"Mama anasema shikamoo za fundi amezipokea," binti alitafsiri, "na anaomba umsaidie asikie nyimbo zake."

Huyo mama alikuwa mwimbaji. Ujanani aliimba kwenye kumbi za dansi, na kampuni moja ilimrekodi nyimbo tatu. Kanda zenyewe ziliharibika studio ilipoingiwa na maji, zikabaki nakala za kampuni tu. Miaka ilipopita kampuni ikaanza kuziuza kwenye mtandao, na marehemu mume wake akazinunua kwa kompyuta ya nyumbani, awe nazo kwa kumbukumbu.

"Mume wangu aliniambia, leo nimekununulia sauti yako," mama huyo alitusimulia baadaye, tukimsogelea ili tumsikie. "Tulicheka. Hatukujua."

Haukupita muda, koo likaugua. Madaktari walimpasua wakaokoa maisha yake, na sauti ikabaki mezani kwao. Binti yake alikuwa hajaanza shule.

"Sauti ya mama siikumbuki," anasema muuguzi huyo. "Nakumbuka tu kwamba alikuwa nayo."

Sikio aliona ni kazi ndogo. Aliunganisha diski kwenye laptop yake yenye mfumo huria, akanakili kila kilichokuwamo, na nyimbo tatu zikajitokeza kwenye kioo: majina yake, jina la mwimbaji, urefu wa kila moja. Akabonyeza ya kwanza.

"Ule mstari unaoonyesha wimbo ulipofika ukaanza kutembea. Lakini sauti hakuna. Nikadhani spika. Nikaweka muziki mwingine, ukalia. Nikarudi kwenye wake, kimya. Wimbo unakwenda, unakwenda, na chumba kizima kimya."

Hapo ndipo alipogeuka kumwambia mama yule kwamba kuna tatizo. Akamkuta amefumba macho, midomo inacheza.

"Alikuwa anaimba pamoja nao, bila sauti. Nilidhani anajifariji tu. Lakini nikatazama kioo, nikamtazama yeye. Mstari ulipogonga mwisho, midomo ilifumba. Wakati uleule. Akafumbua macho akaniangalia kama mtu aliyetoka mbali." Sikio anajisugua mikono. "Nywele zilinisimama."

Aliwaambia waache diski, atawapigia simu. Walipokwisha kuondoka, ukuta wa mbao ukagongwa.

"Jirani," aliita fundi cherehani, "huyo mama aliyekuwa anaimba humo ni nani? Ana sauti huyo."

Sikio alicheka. Jirani yake ni mtu wa utani. Humtania kila mteja wake, hata wanaokuja kupima sanda. Akamjibu kwamba hakuna aliyeimba.

"Basi ilikuwa redio."

"Sina redio."

 Kisha jirani akaanza kuvumisha wimbo puani, taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Sikio hakuujua wimbo huo. Alifungasha vitu vyake akaenda nyumbani mapema.

Tulimfuata fundi cherehani upande wake wa ukuta. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano na hakuacha.

"Kwa sababu napenda mzaha, hakuna anayeniamini," alisema. "Lakini hilo silifanyii mzaha. Nilisikia mwanamke anaimba. Nilipunguza mguu kwenye cherehani ili nisikie vizuri. Labda utotoni niliwahi kuusikia wimbo huo mahali, ukanirudia. Najiambia hivyo."

Kwa nini nyimbo zilizolipiwa zikatae kuimba? Sikio anasema kampuni ilizitia kufuli ili zisinakiliwe. Ukinunua wimbo, unapewa pamoja nao ruhusa ya siri, na ruhusa hiyo inafungwa kwenye kompyuta ileile uliyonunulia. Kila mara wimbo unauliza kama kompyuta ni ileile. Kampuni ilikwisha kufungwa, na mitambo yake iliyokuwa ikitoa ruhusa mpya ikazimwa. Siku hizi ukiiuliza, hakuna anayeitika.

"Na mfumo huria haukupewa ufunguo tangu mwanzo," anasema. "Wenye kufuli waliuogopa kwa sababu uko wazi, kila mtu anaona ndani. Asiyejua kuficha haambiwi siri."

Alisikia kwamba wapo wanaovunja kufuli za namna hiyo. Hakutaka. Sheria yake hakuijua vizuri, na anasema fundi akipelekwa polisi, mteja hamjui. Lakini kulikuwa na njia nyingine ya kawaida kabisa: kuifufua kompyuta ya zamani yenyewe, iimbe kwa mdomo wake, na laptop ikae pembeni inarekodi kwa waya.

Akampigia simu binti. "Ile kompyuta diski ilimotoka iko wapi?"

"Ipo jikoni, dada," alijibu muuguzi. "Tunaiwekea ndoo ya maji."

Ililetwa na alama ya duara ya ndoo mgongoni na kutu pembeni. Ndani, mende walikuwa wamejenga ukoo mzima. Sikio aliwafukuza, akasafisha kwa brashi na spiriti, akabadilisha vifaa vilivyovimba kwenye bodi kuu, akairudisha diski mahali pake. Kifaa kimoja kilikuwa na weusi wa kuungua, na cha kukibadilisha hakikupatikana. Alifanya kazi hiyo siku nyingi, kati ya kazi za wengine, na mara nyingi jirani yake aligonga ukuta kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Alasiri moja mashine ikaamka. Kioo kikawaka, na jambo la kwanza Sikio aliloliona ni tarehe pembeni chini.

Betri ya saa ya ndani ilikufa zamani, na kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka na miaka. Kwa hesabu zake, kampuni ilikuwa bado inauza nyimbo. Marehemu alikuwa hai. Mama alikuwa hajapasuliwa koo.

"Fundi yeyote kwanza hurekebisha saa," anasema Sikio. "Mkono wangu ulikwenda, ukarudi. Nilifikiri, mashine hii ikijua leo ni lini, itasema ruhusa imekwisha. Ikiamini ni zamani, itafungua. Nikaiacha huko ilikokuwa. Hata waya wa mtandao sikuuchomeka, mtu asije akaiambia."

Hakuijaribu peke yake. Aliizima, akawaita wenye nyimbo.

Siku hiyo mama alivaa gauni la zamani la jukwaani, limempwaya. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Binti alisimama nyuma yake. Sikio alivuta waya kutoka kompyuta ya zamani hadi kwenye laptop, akaanza kurekodi, kisha akabonyeza.

Mashine ilifikiri. Halafu, kutoka kwenye sanduku lile la chuma, mwanamke kijana akavuta pumzi.

"Ile pumzi ndiyo iliyonimaliza," anasema binti. "Mama hapumui hivyo tena. Kabla hata hajaimba nilijua ni yeye."

Sauti ilikuwa nzito na tulivu, haikuwa na haraka. Mwenye sauti alikaa hatua moja kutoka kwenye spika na hakugeuza uso, kama mtu anayesemwa chumba cha pili. Hakulia. Alionekana anaogopa. Kule ng'ambo ya ukuta cherehani ilisimama.

Wimbo ulipokwisha, mlango ulifunguliwa polepole. Alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Hakusalimia.

"Ndio huo," alimwambia Sikio. "Wa siku ile."

 Sikio alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akajua hana muda. Akabonyeza wimbo wa pili.

Huu ulikuwa wa kubembeleza mtoto. Ulifika katikati, kwenye mstari unaomwambia mtoto kwamba mama yuko mlangoni, na neno likakatika. Kioo kikawa cheusi. Moshi mwembamba ulipanda kutoka nyuma ya mashine na spika zikabaki zinavuma.

Kisha wimbo ukaendelea.

Mama hakuwa amenyamaza. Pale neno lilipokatika alilidaka, akaendelea nalo kwa mnong'ono wake wa karatasi, macho yameufuata moshi. Sikio alichomoa waya haraka na kuiruhusu laptop isikilize chumba. Wakamwacha aimbe hadi mwisho. Cherehani haikurudi kulia alasiri yote, kwa maana mwenyewe alikuwa bado amesimama mlangoni, kainamisha kichwa.

"Nilitaka kumshika bega," anasema binti. "Nikahisi nikimshika atakoma."

Rekodi hiyo tulisikilizishwa. Kwanza yupo mwanamke kijana, sauti imejaa. Kisha neno linavunjika, kuna kelele ya waya, na kutoka kwenye kelele hiyo anakuja mtu mwingine, mkavu, wa mbali, anayemaliza sentensi ya wa kwanza. Ukiisikia bila kujua kisa, utadhani mmoja wao amekufa, na hutajua ni yupi.

Sikio alijitolea kuisafisha kelele. Mama alikataa.

"Mwanangu, iache," alinong'ona. "Hapo ndipo nilipopita."

Siku hizi binti huwawekea wanawe wimbo huo wakati wa kulala. Mkubwa aliuliza ni bibi gani anayeimba mwanzoni. Alipoambiwa ni huyuhuyu, alikwenda akamchungulia nyanya yake mdomoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kurekodi, mama yule alicheka.

Umebaki wimbo wa tatu. Haujapotea, na hilo ndilo linalomkosesha Sikio raha. Uko kwenye laptop yake, mzima, kila kipande chake mahali pake. Ila ruhusa yake ilifungwa kwenye bodi iliyoungua, na mama mwenyewe maneno yake ameyasahau. Aliuimba studio mara moja tu, hakuurudia tena jukwaani. Hakuna mtu aliye hai anayeujua.

Wateja wanaotaka kununua muziki, sasa Sikio huwaambia watafute usio na kufuli, na wakinunua wenye kufuli wasitupe mashine. Wengi humwona mwenye kuzidisha mambo.

Kwa wauza vyuma chakavu ameacha namba ya simu na picha ya bodi. Anatafuta pacha wake, apate kifaa kama kile kimoja kilichoungua, akihamishe kwa mkono. Juzi mmoja wao alimpigia kwamba ameona inayofanana. Jumatatu atakwenda kuitazama.

"Ikiwaka, sitaubonyeza," anasema, akikusanya bisibisi zake mezani. "Nitaizima tena, nimwite mama. Huo wimbo hata yeye haujui. Haifai mimi niwe wa kwanza kusikia alichosema."