Mtu wa Kuvuta Kamba

Mke wangu aliacha kusikia baada ya homa kali, watoto wetu wakiwa bado wadogo. Kuongea anaongea vizuri, na ukimtazama usoni anasoma midomo yako. Simu za mkononi zilipofika zilimrahisishia maisha. Yeye akiwa shambani huku Bugwema na mimi nikiwa Musoma mjini, simu inatetemeka, anasoma meseji, anajibu. Ila miaka hii mvua zimebadilika. Mto unajaa, umeme unakatika, netiweki inapotea siku nzima, na siku kama hiyo yeye anabaki gizani kuliko sisi wote.

Ndipo mwalimu mmoja wa kike akatoka Manyamanyama, kule Bunda, akaja kanisani kwetu kutoa semina kwa watu wenye ulemavu. Alitaka kila mmoja achague mtu atakayemfikia kwa miguu simu zikizima, wakubaliane na ishara. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nimevaa koti, nikijua jibu. Mke wangu akasimama akamnyooshea kidole jirani yetu.

"Mzee, umepinduliwa!" mtu akasema, na kanisa zima likacheka. Nilicheka pia. Meno yaliniuma.

Jirani huyo ni mgane. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu mtu wa rika lako humzuii mlangoni. Anaingia, anakula kilichopo, anamtania mkeo, na wewe unatakiwa ufurahi. Nilikuwa nimefurahi hivyo kwa miaka mingi.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu wewe ukikasirika unaongea na ukuta," akasema. "Yeye hata kukiwa giza anamulika tochi usoni kwake kwanza, ndipo anafungua mdomo."

Nikageuka, nikaenda zizini.

Jirani alileta kamba ya nyavu, akaipitisha dirishani hadi kitandani. Mvua kubwa ikinyesha, mke wangu angeivaa mkononi na kungoja. Kamba ikivutwa ajue kuna mtu nje, njia imeshaangaliwa, atoke na mfuko wake. Mfukoni waliweka dawa zake za presha, tochi, na kadi ngumu iliyoandikwa: Sisikii, nitazame unapoongea. Alikatazwa kutoka peke yake, maana hawezi kusikia maji yanatokea upande gani.

Walifanya mazoezi siku ya Jumamosi. Nilikuwa nakamua, nikawa nawaona kwa pembeni ya ng'ombe. Kamba ikavutwa, mke wangu akatoka mbio na mfuko begani.

"Shemeji, umechelewa! Maji yameshakula viatu!" jirani akamwambia, akipanua mdomo kila neno.

"Vyako wewe, mimi niko pekupeku!"

Mke wangu akacheka hadi akashika ukuta. Nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimchekesha hivyo. Sikukumbuka. Ng'ombe akanipiga teke, maziwa yakamwagika.

Siku chache baadaye nilikutana na jirani njiani. "Rika, kazi ya kamba niachie," nikamwambia. "Mimi nipo."

"Una uhakika? Wewe unasafirigi sana."

"Nimesema nipo."

Akanitazama kidogo. "Haya. Nyumba ni yako."

Mke wangu sikumwambia. Kisha ukatokea msiba wa binamu yangu Mwitongo, kule Butiama. Nilipoondoka asubuhi nilipita karibu kabisa na nyumba ya jirani, nikamwona anaanika dagaa, na sikumuaga. Nilifanya makusudi. Sikutaka ajue kwamba mke wangu yuko peke yake.

Mvua ilianza tukiwa makaburini. Nikapiga simu, netiweki hakuna. Nikaandika meseji, ikakataa kwenda. Nilimpata kijana wa bodaboda, tukafika mtoni na kukuta maji yamefunika daraja. Ng'ambo niliona kabisa miti ya kwetu. Nilisimama pale hadi maji yakapungua, nikitukana mto, ingawa nilijua wa kutukanwa ni nani.

Nilimkuta amekaa juu ya magunia ya mahindi, miguu imekunjwa, maji ya tope yametanda chumba kizima. Kamba ilikuwa mkononi mwake. Mkono ulikuwa umevimba kwa jinsi alivyoizungusha, asije akakosa kuihisi.

"Nilingoja," akasema. "Ameugua? Amesombwa na maji?"

Alikuwa akimlilia jirani. Hata saa ile, na maji yakiwa magotini mwangu, nilisikia wivu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimshika kidevu, nikageuza uso wake kwangu na wangu kwake, nikamwambia ni mimi niliyemkataza mwenzake asije.

Hakunipigia kelele. Alifungua kamba, akaiweka mkononi mwangu.

Nikaenda nayo kwa jirani. Alikuwa anazoa dagaa waliooza. Aliponiona na ile kamba, akaweka beseni chini.

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzima. Amekaa kwenye maji."

"Wewe si ulisema upo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa Butiama."

"Na mimi nakaa hapa nimekunja mikono kama mjinga!" Akanirushia dagaa mmoja kifuani. Ananuka hadi leo kwenye lile koti. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nakuonea wivu."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua kamba, akaikagua kama imekatika mahali, akatangulia kwenda nyumbani kwangu. Nilimfuata nyuma. Mlangoni mke wangu alimwona, akapiga makofi kwa furaha, na mimi nikapita pembeni yao, nikashika ndoo na kuanza kutoa maji.