Hita Niliyoitunzia Disemba

Sisi watu wa bara tuliotumwa Garissa kufundisha tuna ibada moja kila jioni: kulilaani joto. Tunakaa kwenye vibao mbele ya nyumba za walimu, soda mkononi, na kila mmoja anaeleza atakavyohama muhula ujao. Mwenzetu mmoja anahama hivyo kwa miaka mingi sasa, na katoni lake la vyombo bado limefungwa kwa kamba ya safari. Kwa hiyo gari langu kuukuu lilipoanza kunichoma miguu, sikushuku kitu. Nilijua ni Garissa tu, nikailaani kwa bidii zaidi.

Niliendesha hivyo muda mrefu, taulo lililoloweshwa likiwa shingoni. Kilichonizindua ni soksi. Nilishuka siku moja nikavua soksi zilizolowa jasho, nikaona miguu inachemka kuliko kichwa, na jua, kwa elimu yangu yote, huchoma kuanzia juu. Ndipo nikakumbuka kwamba gari lina hita. Kwetu Nyahururu hita ni neema, alfajiri mtu huisifu kabla ya kumsifu mkewe.

Na mke wangu ndiye aliyekuwa njiani. Alikuwa amesema kwa simu kwamba anakuja kupaona mwenyewe, kisha aamue kama atahamia na watoto au tuendelee na ndoa ya simu. Nilimtaka aje. Nilikuwa nimechoka kulala na redio. Sikutaka aonjeshwe Garissa kwanza ndani ya oveni yangu.

Nikampelekea gari fundi, mzaliwa wa hapa, mtu wa kicheko, ambaye p kwake ni b na v ni f.

"Hita?" akashangaa. "Mwalimu, nani alikudanganya Garissa iko baridi?"

Watu wakatoka madukani kuja kuiona. Mzee mmoja aliingiza mkono pale hewa inapotokea, akautoa upesi. "Subhanallah," akasema, akaenda kuwaita wengine.

Injini ilipopata moto, fundi alinishikisha paipu mbili za mpira, moja ya kupeleka maji ya moto kwenye hita, nyingine ya kuyarudisha. Ile ya kupeleka ina vali, koki ndogo inayovutwa na waya kutoka dashibodi. Nikasukuma swichi hadi upande wa baridi. Waya ulivuta, mkono wa vali ukacheza vizuri, lakini paipu zote mbili zikabaki za moto.

"Waya iko sawa. Hii fali ndio imekufa ndani," akasema. "Sbea ya hita huwezi bata hapa. Tutoe hii kitu, tuunganishe baibu. Maji haibiti kwa hita tena. Kwisha."

Mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikasema, "Na Disemba je, nikienda nyumbani?"

"Disemba utafaa sweta."

"Hita haikatwi."

Basi akaitia vali mafuta, akaigonga kwa spana, akaibembeleza kwa Kisomali, hadi ikafunga na paipu moja ikapoa. Akaniambia wazi kwamba haitadumu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilikuwa limeshachomeka, na bado sikusikia.

Nilimpokea mke wangu stendi nikiwa na shati jipya. Hatukufika mbali. Ule moto ukarudi miguuni, nami nikakaza macho barabarani.

"Ndiyo hali ya hewa ya huku," nikamwambia. "Utazoea."

Mke wangu amekulia ndani ya pikapu ya viazi ya baba yake. Aliinama, akaweka kiganja chini ya dashibodi, akanitazama. "Hii si hali ya hewa. Hii ni hita. Nipeleke kwa fundi."

Nikampeleka.

"Haiwezi kuzimwa kabisa?" akamuuliza.

"Inazimika, mama. Tunabitisha maji kando tu. Mwalimu ndio alikataa."

"Kwa nini?"

Fundi akaikagua spana yake. "Anasema Disemba."

Mke wangu akanigeukia. Hakupaza sauti, na ningeshukuru kama angepaza. "Yaani mimi niwatoe watoto shule, nifunge nyumba, nihamie huku," akasema, "na wewe hata gari lako hujalihamisha?"

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa kwamba angepanda basi la kurudi jioni hiyo hiyo.

"Kata," nikamwambia fundi.

Alingoja injini ipoe, akakata. Maji yalimwagika mchangani, yakakauka tukiyaangalia. Mke wangu akajipangusa jasho kwa leso, akarudi kiti cha mbele, akafungua dirisha.

"Haya," akasema, "nionyeshe shule watakayosoma."