Kiti Nilichokataa Kukalia

Mwaka 1975, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha shule darasa la pili. Nilianza kubeba magunia pale Kilambo, watu wakivuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Nilichonacho kimetoka mgongoni mwangu. Ndiyo maana mlevi wa unga, hizi dawa za kulevya, sikuwa namhesabu kama mtu.

Sasa kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wako wewe mjomba. Akioa unaitwa, akiharibu unaitwa. Mpwa wangu alikuwa mwashi mzuri Mikindani mpaka unga ulipomshika. Miaka mitatu iliyopita, msimu wa kupulizia salfa mikorosho, aliniibia mashine ya kupulizia. Akakamatwa nayo kabla hajaiuza.

Askari wa kata, binti mdogo tu, akaniita ofisini. Nikakuta viti vimepangwa duara: dada yangu, mpwa wangu, mwenyekiti wa mtaa, yeye askari, na kimoja kitupu.

"Shikamoo mzee. Mashine yako hii hapa, nzima. Mwenyewe amekubali kosa. Mkielewana, kesi haiendi mbele. Atakupulizia shamba msimu mzima, na kila asubuhi atapita kliniki kwanza kunywa dawa ya kumwachisha unga. Ila anatakiwa mtu wa kumsimamia."

"Hiyo ndiyo adhabu siku hizi? Mwizi anapewa kiti?"

"Mjomba, kaa tu," mpwa wangu akasema.

"Nikae na teja?"

Dada akaniangalia. "Kaka, ulipougua kule Kilambo, nani alikubeba mgongoni? Mimi, tena huyu akiwa tumboni mwangu."

Nikachukua mashine yangu, nikasema kesi iende mahakamani. Barabarani nilitembea kifua mbele kama mjinga, nikiona nimefanya la kiume.

Akafungwa mwaka mmoja. Alipotoka hakuja kwangu, na unga akaurudia. Mwaka jana nilikwenda mwenyewe kwa yule binti askari, nikamwomba apange vile viti tena.

"Mzee wangu, ningepanga. Ila yeye amevuka Ruvuma, mama yake hajui yuko wapi."

Dada akipita mbele ya nyumba yangu hapigi hodi. Simlaumu.

Leo nina ekari kumi na mbili za mikorosho, nyumba ya bati Mtawanya, pikipiki, mbuzi tisa na mashine mbili za kupulizia. Ile ya kesi bado inafanya kazi vizuri.