Kawa za Kaltumu na simu ya mama yake

Ni saa nne asubuhi mjini Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Bati la nyumba limeshapata moto, lakini Kaltumu hafungui dirisha. Amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, sindano mkononi, na pazia limevutwa mpaka mwisho. Jasho linamtoka. Mlangoni kuna beseni la plastiki, na kila anayeingia, awe jirani au mteja, huacha simu yake humo kabla hata hajavua viatu.

Nje barazani, mama yake, Hajati Bushira, anacheka peke yake. Si wazimu. Anatazama tena video ya zamani, kwa kuwa simu yake haina bando, na haitawekewa bando mpaka Jumamosi.

"Mama iko na watu elfu kwa simu," Kaltumu anasema bila kuinua kichwa. "Mimi iko na hii ya vitufe. Inapiga, inapokea, basi."

Kaltumu ana umri wa miaka arobaini na minane, na kazi yake ni kusuka kawa, vile vifuniko vya chakula vya ukindu wa rangi ambavyo Wanubi wa hapa huviita tabaga. Alifunzwa na mama yake, aliyefunzwa naye na mama yake, mke wa askari wa enzi za mkoloni. Kawa moja kubwa humchukua karibu wiki mbili, na huiuza shilingi elfu themanini. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto wawili tangu mumewe afariki.

Lakini wateja wake wa arusi hawanunui ukindu. Wananunua siri. Katika familia zinazomwendea, kila bibi arusi hutolewa na nakshi ambayo haijaonwa popote. Chakula huletwa mbele ya wakwe kikiwa chini ya kawa, na kawa zenyewe zikiwa chini ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikivutwa, vigelegele huanza. Wakwe wakisema nakshi ile waliiona kwingine, bibi arusi ni kama amevalishwa mtumba.

"Hiyo nakshi iko jina ya mtoto," Kaltumu anaeleza. "Jina ya mutu mwingine huwezi kumupa."

Mwaka jana Shafiki, kifungua mimba wake anayeendesha lori la Juba, alimletea bibi yake simu ya kioo kikubwa ili wawe wanaonana nyuso. Nyumbani walidhani mzee wa miaka sabini na mitatu ataifungia kabatini. Wapi! Haukupita mwezi, Hajati alikuwa ameingia makundi chungu nzima ya WhatsApp, anawatumia wajukuu dua za Ijumaa na kuwauliza kwa nini hawajibu.

Ndipo alipozipiga picha kawa za arusi moja ya Pajulu, nje ya mji wa Arua, kazi ikikaribia kwisha, akaziweka kwenye stetasi yake kila mtu azione. Kikulacho ki nguoni mwako. Msusi mmoja wa Arua akaiona ile nakshi, akaisuka mbiombio, akaiuza kwa arusi iliyotangulia.

Aidah, shangazi wa bibi arusi wa Pajulu, alikuwepo kitambaa kilipovutwa. "Mwanamke moja ya kule kwa bwana arusi akasema, 'Hii si ndiyo tulikula wiki ile?'" anakumbuka. "Hakuna mutu alipiga kigelegele. Mtoto wetu akalia, wanja ikashuka mpaka kwa kidevu."

Kaltumu naye alilia, ila alisubiri afike nyumbani. Kwa miezi minne hakuja mteja wa arusi hata mmoja, akawa anasuka vikapu vya sokoni. Simu ya mama yake aliitia sandukuni, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni.

Hajati hakugomba. Alinyamaza, na katika nyumba ile kunyamaza kwake ni kubaya kuliko kugomba. Siku zilipozidi Kaltumu akamuuliza kama ana hamu ya kumwona Shafiki.

"Shafiki nasikia kwa simu yako," mama akajibu. "Mimi nilikuwa naangalia kazi yako."

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Macho ya Hajati yalianza kufifia miaka mingi iliyopita, na ndiyo sababu aliweka sindano chini. Tangu hapo alikuwa akizishika kawa za bintiye, anazipapasa, anazisifu, na hazioni. Simu ilipokuja akapiga picha, akaikuza kwa vidole viwili mpaka mshono mmoja ukajaa kioo kizima.

"Nikaona mkono yako," alimwambia bintiye. "Miaka yote nilikuwa nasema tu iko mzuri. Sasa nikaona kweli iko mzuri. Nikasema, watu nao waone."

Kaltumu anasema alitoka, akasimama nyuma ya jiko, akauvua ufunguo shingoni. Uchungu wa Pajulu haukuisha, lakini hasira ilikosa pa kukaa.

Simu ikarudi, kwa sharti moja: kawa za arusi zikiwa ndani, haitiwi bando. Kamera haidai bando. Kila jioni Hajati hupiga picha kazi ya siku, huikuza, huikagua mzunguko kwa mzunguko. Akikuta mshono uliolegea, Kaltumu hufumua.

"Amekuwa tena mwalimu yangu," anasema, na haijulikani kama anashukuru au anashtaki. "Na sasa iko mukali zaidi."

Kazi iliyo mkononi ni ya arusi ya Kuluba, ya kwanza tangu aibu ile. Familia ilikuja kwa kusitasita, ikauliza mara mbili kuhusu simu ya mzee. "Hii ikiharibika, jina yangu imekwisha," anasema Kaltumu.

Jumamosi, Kuluba. Sinia zinawekwa chini, kitambaa kinavutwa, kawa sita zinatokeza kwa zambarau na manjano. Kimya. Kaltumu, aliyesimama karibu na mlango wa jikoni, anashika ukuta. Kisha anaona sababu: wanawake wote wameinua simu, wanapiga picha kwanza. Vigelegele vinafuata, na havikatiki upesi.

Hajati anawekewa bando jioni hiyo hiyo.

Sasa mzee ana mpango wake. Tahiru, seremala jirani, amemchongea kibao cha kushikilia simu juu ya mapaja. Hajati hushona chini yake huku macho yakiwa kwenye kioo, kamera ikimkuzia mshono. Huenda polepole, na hujichoma mara kwa mara. Ameanza kawa ya Nabila, binti wa Kaltumu anayesomea uuguzi Arua. Nabila hana hata mchumba.

"Mchumba atakuja," Hajati anasema. "Mkono yangu ndiyo haina wakati."

Kaltumu anaomba Mungu ampe mama yake umri wa kuimaliza. Juzi alisogea, akaomba aone japo kitovu cha nakshi. Hajati akaivuta shuka yake, akafunika kazi na simu pamoja.

"Utaona siku ya arusi," akamwambia, "pamoja na watu wengine."