Mdai Aliyesimama Matangani

Siku yangu ya kwanza kazini mahakamani, mjini Sumbawanga, nilitumwa mtaa wa Katandala kumpelekea mtu samansi, nami nilitetemeka njia nzima. Samansi ni karatasi ya mahakama inayomwita mtu aje kujibu shauri, basi. Haimfungi mtu wala haimpigi. Lakini nilikuwa kijana mwoga, nimevaa koti la baba lililonifika magotini, na niliyekuwa nampelekea alikuwa mchinja ng'ombe. Sikumkuta. Nilimkuta mkewe akianika ulezi, nikamkabidhi ile karatasi bila kusema neno. Yule mama aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akaingia ndani mbio. Alitoka na kuku aliyefungwa miguu, akanisukumia mikononi.

"Chukua, mwanangu. Usitufunge."

Nilirudi mahakamani na kuku. Karani mkuu, mzee mfupi aliyependa ugoro kuliko chakula, alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaacha ghafla.

"Ulimwambia nini huyo mama?"

"Sikumwambia kitu, mzee."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Mtu ukimpa karatasi asiyoijua, anaijaza mwenyewe mambo ya kutisha. Rudisha kuku. Kisha umsomee kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho."

Nilirudi, nikasoma. Karatasi haikuwa na jela ndani yake wala pingu. Ilisema tu mumewe aje kueleza kuhusu ng'ombe aliyemchukua kwa mkopo. Yule mama alikaa chini kwenye ulezi wake akajifunika uso kwa kanga, akacheka na kulia kwa pamoja.

Nawasimulia haya ninyi vijana kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa kuogopwa, nami niliogopa kuliko walioniogopa. Wenzangu walinitania kwamba napiga hodi kama mwizi aliyekuja kurudisha mali. Sikukasirika. Mwoga huujua woga unavyofanya kazi, na siku hizi kuna watu wanaoishi kwa woga wa wenzao.

Kutoka mjini nilihamishiwa Matai, chini ya hakimu mmoja mama mkimya ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Siku moja mfanyabiashara alimleta mvuvi kutoka huko chini ziwani, kamfunga mikono kwa kamba ya nyavu, mgambo wawili wakimsindikiza. Mvuvi alikuwa ameloa jasho, midomo imempauka. Alikuwa amepandishwa milima yote ile akiambiwa kwamba anakwenda kufungwa. Hakimu aliingia, akaona kamba, akakataa kukaa.

"Kosa lake nini?"

"Ananidai, yaani namdai, mheshimiwa. Hajanilipa injini."

"Deni ni madai, si jinai. Nani kakwambia kudaiwa ni wizi? Mfungue, kisha ufungue shauri."

Mvuvi alifunguliwa, na shauri liliposikilizwa alishindwa, akalipa kidogo kidogo mpaka akamaliza. Dawa ya deni ni kulipa, wala sijawahi kumfundisha mtu akimbie deni lake. Lakini tangu siku ile najua kwamba mdaiwa na mfungwa ni watu wawili tofauti, na anayetaka uwachanganye ana lake jambo.

Baadaye nilirudishwa Sumbawanga nikawa naongozana na dalali wa mahakama. Huyu ni mtu mwenye kibali cha kutekeleza hukumu: aliyeshindwa kesi asipolipa, dalali hukamata mali yake kwa amri ya mahakama na kuiuza mnadani. Watu walimwogopa kuliko hakimu. Dalali wetu alikuwa mnene, mwendo wa taratibu, na hakuingia mji wa mtu kabla ya kupita kwa mtendaji wa mtaa kuonyesha amri na kuomba shahidi. Akifika kwenye uzio alikohoa kwanza. Akiingia, alisoma. Na kulikuwa na vitu asivyogusa kabisa: kitanda, sufuria, jembe, na kwa mkulima, ng'ombe wake wa kulimia.

"Ukimchukulia maksai atalima na nini? Na asipolima atamlipa nani?" aliniambia. "Sheria yenyewe imekataza, na hata isingekataza, mimi nina mama."

Kuna mara nilimhimiza tuwahi kabla ya mvua. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbwa akiongea.

"Mwenye amri ya mahakama ana muda wake. Ukiona mdai ana haraka, ujue anaogopa kuulizwa."

Miaka yangu ya mwisho waliingia wakusanya madeni wa aina nyingine. Walikuja na tai na pikipiki, wengine na simu tu. Walivaa nguo za kaki ili wafanane na askari, wakasema maneno ya kwetu, "amri", "kukamata", "mahakama", bila kuwa na mahakama nyuma yao. Wengine walikuwa na deni la kweli walilolitia chumvi, wengine hawakuwa na deni lolote. Nilikuwa nawaona mitaani na kuwakwepa, kwa sababu niliona wanafanya kwa makusudi kile nilichokifanya mimi kwa ujinga siku ya kuku. Wanakupa karatasi wakakuachia uijaze mwenyewe.

Nilistaafu nikiamini yameniishia. Kumbe.

Shemeji yangu Desideri, mume wa mdogo wangu Sabina, alifariki wakati watu wanaanza kuandaa mashamba. Walikaa Malangali, hapa hapa Sumbawanga, nyumba ya matofali, shamba la mahindi, na maksai wawili waliokuwa ndio benki yao. Sabina hakuwa na mtoto karibu, wote wako Mbeya. Maksai wale ndio waliolima shamba lake na mashamba ya majirani kwa malipo. Wakiondoka, hana chakula cha mwaka.

Siku ya kumaliza matanga, kama desturi yetu, mkubwa wa ukoo alisimama mbele ya waombolezaji.

"Kama yupo anayemdai marehemu, aseme sasa. Na anayedaiwa na marehemu, naye aseme. Tusije tukaulizana kesho."

Jirani mmoja mzee alisema alimpa Desideri debe la mbegu, shahidi ni Sabina mwenyewe, na kwamba amesamehe. Watu wakamshukuru. Kisha akasimama kijana wa tai ambaye hakuna aliyejua kaja na nani.

"Shikamooni wazee, poleni sana. Mimi natoka kampuni ya mikopo. Marehemu ametuachia deni. Sidai pesa leo, msiba ni msiba. Namwomba mama tu aseme mbele yenu kwamba deni analitambua, aweke na dole gumba hapa, ili marehemu apumzike."

Angetisha, watu wangemtoa. Lakini aliongea kwa upole, na akagusa pale tusipoweza kumkatalia mtu. Kwetu neno lililosemwa matangani halimezwi, na hakuna mjane anayetaka kusikia kwamba mumewe kalala na deni. Wasemao kukopa harusi kulipa matanga hawakumfikiria kijana huyu, aliyekuja matangani kabisa kuchukua chake. Na deni la marehemu hadaiwi mjane. Linapelekwa kwa msimamizi wa mirathi, likiwa na ushahidi. Sabina akishakiri, limehama kwa Desideri limekuwa lake. Nilimwona anajifuta kidole kwenye kanga.

Nami nilikuwa upande wa mke. Katika mji wa wakwe upande wetu hula na kunyamaza. Nilisimama nikishikilia ukuta.

"Niwieni radhi, wakwe zangu. Deni hili lisikataliwe hapa, wala lisikubaliwe hapa. Ndugu huyu alete mkataba na shahidi ofisi ya mtendaji, tuusome."

Mkubwa wa ukoo alikunja uso. "Shemeji, unataka ndugu yetu alale na deni?"

"Sitaki, mzee. Nataka tujue kwanza kama ni lake."

Wazee walianza kunong'onezana. Halafu kijana wa tai akatabasamu.

"Mzee kasema vema. Jumatatu asubuhi, kwa mtendaji. Nitakuja."

Alikubali upesi mno, na hilo likanitisha kuliko kama angebisha.

Kabla ya Jumatatu simu zikaanza. Ujumbe ulikwenda kwa Sabina, kwa watoto wake Mbeya, hata kwa mama anayeimba naye kwaya: mwambieni alipe, la sivyo ni jela. Mmoja ulisema deni lao hufuatwa na radi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kunguruma, na hapa kwetu radi si jambo la mzaha, watu huamini hutumwa. Sabina aliacha kula. Alikuwa akisikia pikipiki barabarani anaingia chumbani.

"Kaka, niwape tu maksai yaishe."

"Hayaishi. Wakijua unaogopa watarudi kuchukua nyumba."

"Sasa nifanye nini na mimi naogopa kweli?"

Sikuwa na dawa ya woga, ningekuwa nayo ningeanza kuinywa mwenyewe. Nilimwambia jambo moja tu, lile la karani mkuu. "Akija mtu na karatasi, usiishike wala usiweke dole. Mwambie asome kwa sauti, majirani wasikie. Usiseme lingine."

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mtendaji mapema. Mtendaji, binti mwenye adabu, aliniwekea kiti. Tukangoja. Kijana hakuja. Nilisikiliza kila pikipiki inayopita. Ndipo nikakumbuka lile tabasamu, na nikaelewa kwamba hakupanga kuja hapa kamwe. Alinipa miadi ili anitoe nyumbani kwa Sabina.

"Mwanangu, twende," nilimwambia mtendaji, "wako kwa Sabina."

Tulipanda bodaboda mbili. Dereva wangu aliniambia, "Mzee, shikilia, usiangalie chini," nami nilifumba macho kabisa nikiliona zizi tupu akilini.

Kenta, lori dogo, ilikuwa imesimama mbele ya uzio, nyuma iko wazi. Kijana wa tai alikuwepo, na pembeni yake jitu limevaa kaki, buti na mkanda, lisilo na jina kifuani wala namba. Majirani wamesimama kwenye milango yao, hakuna anayesogea. Sabina alikuwa amekaa chini, kwenye mlango wa zizi, kwenye tope. Kamba ya maksai alikuwa ameizungusha kiunoni akaifunga.

"Mama, toka, unazuia kazi ya serikali!" lile jitu lilifoka.

"Soma," alisema Sabina. Sauti yake ilikuwa nyembamba, inatetemeka.

"Utakwenda jela wewe!"

"Soma kwa sauti. Majirani wasikie."

Kijana wa tai alimnyooshea karatasi ashike. Sabina aliificha mikono kwapani. "Soma wewe."

Yule jirani wa debe la mbegu alitoka mlangoni kwake. "Si usome tu, kijana? Kama ni ya kweli, kuna ubaya gani?" Mwingine akasogea. Kisha mama wa kwaya. Niliposhuka na mtendaji, naye akauliza kwa upole amri hiyo imetoka mahakama gani na mbona haikupita kwake, kijana wa tai aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

"Tutarudi," alisema.

Hawajarudi. Lakini sitawadanganya kwamba naishi kwa amani. Kila nikisikia kenta inapunguza mwendo, nachungulia dirishani. Mjini nakutana na vijana wa tai na siwajui yupi ni yupi, na wapo wanaofanya kazi hiyo kwa haki. Mtendaji alipeleka taarifa polisi, watoto wamefungua mirathi mahakamani, na hadi leo hakuna aliyejitokeza na mkataba wa Desideri.

Watu wa Malangali wanamwita Sabina simba. Mkubwa wa ukoo mwenyewe alikuja kumpongeza, akaniambia na mimi pole pole kwamba upande wa mke nao una akili. Mimi nimestaafu kuogopwa. Kuogopa bado naendelea, na nawashauri ninyi vijana msiuonee haya woga wenu. Ukikupata, kaa nao chini, omba usomewe.

Msimu wa kulima ulipofika nilikwenda kumshikia Sabina kamba, yeye akiwa nyuma na plau. Tulipopumzika mwisho wa mtaro nilimwambia jinsi watu wanavyomsifu. Alitazama udongo.

"Kaka, siku ile mimi nilishatoka kuwafungulia zizi."

"Unasemaje?"

"Nilishika kamba niwape. Magoti yakakataa, nikaanguka pale pale mlangoni. Kamba nilijifunga ili nijivute nisimame." Alifuta jasho kwa kiganja. "Magoti yangekubali, kaka, wangeondoka nao."

Aliinua plau, akapiga mluzi, na maksai wakaanza kuvuta.